Mwenyeji Asiye na Mji: Malazi ya Wageni kutoka Nkhotakota hadi Dzaleka

Neno mwenyeji ni miongoni mwa maneno tunayoyafundisha mapema, sambamba na neno mgeni, kisha tukalipita haraka. Lakini mwanafunzi akilichambua ataona kuwa limebeba maneno mawili: mwenye na mji. Mwenyeji ni mwenye mji. Humpokea mgeni kwa sababu ana mahali pake, anajulikana hapo, na neno lake lina uzito mbele ya majirani. Katika makala haya tunakusudia kulifuata neno hilo katika nchi ya Malawi, nchi isiyopakana na bahari lakini yenye ufuko mrefu wa ziwa. Tutaanzia pwani yetu wenyewe, tuende Nkhotakota walikofika Waswahili katika karne ya 19, tupite katika hosteli za bei nafuu zilizoko ziwani, na mwisho tufike Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyo jirani na mji mkuu wa Lilongwe. Huko tutakuta watu ambao kwa mujibu wa sheria hawana mji, lakini hupokea wageni, huwalaza na kuwalisha. Je, mtu aweza kuwa mwenyeji pasipo kuwa na mji?

Katika miji ya pwani yetu, kumlaza mgeni hakukuwa jambo la hisani tu. Vyombo vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na mfanyabiashara aliyekuwa amekwisha kushuka pwani alilazimika kukaa miezi kadhaa akingojea upepo ugeuke. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameeleza jinsi vijana wa mji walivyovikimbilia vyombo kwa mashua ndogo, wakiwa na vyakula, kila mmoja akimpa mfanyabiashara chakula na kutamka kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa na kumnunulia. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi. Hapa twaona kwamba mwenyeji alikuwa mdhamini. Mgeni hakujulikana, lakini mwenyeji wake alijulikana; mji ulimwamini mgeni kwa kumwamini mwenyeji.

Desturi hiyo ilisafiri bara pamoja na misafara. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, mfanyabiashara kutoka pwani, alifanya makao yake Nkhotakota, upande wa magharibi wa Ziwa Malawi, na huko akajulikana kwa cheo cha Jumbe, cheo ambacho waliomfuata walikirithi. Misafara ilitoka pale ikavuka ziwa kwa majahazi, kisha ikashika njia ya kwenda Kilwa. David Livingstone alipoutembelea ufuko huo katika miaka ya 1860 aliwakuta watu wa pwani wakiunda jahazi kando ya maji. Mpunga ukalimwa, msikiti ukajengwa, na Kiswahili kikasikika mahali ambapo upepo wa bahari haufiki. Mpaka leo Wachewa huliita jengo hilo mzikiti, na neno hilo ni moja katika nyayo zilizobaki.

Hata hivyo, historia haituruhusu kuisifu Nkhotakota kwa upande mmoja. Biashara iliyoutajirisha mji ule ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu. Katika ufuko ule ule ambapo mgeni mwenye mali alikaribishwa kwa wali na busati, wengine walifungwa minyororo wakingojea kuvushwa, na kwao hapakuwa na mwenyeji wa kuwadhamini. Mwalimu anayefundisha juu ya ukarimu wa Waswahili hana budi kuyafundisha haya pia, kwani ukarimu ule uliwahusu baadhi ya watu tu. Mwaka 1889 Jumbe alitia saini mkataba na Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza. Katika miaka ya 1890 Waingereza wakamwondoa Jumbe wa mwisho, na utawala huo wa Kiswahili ukakoma.

Aina nyingine ya mgeni ilifika ziwani katika karne ya 20. Huyu hakuja na bidhaa wala barua ya kadhi. Alikuja na mkoba mgongoni, mara nyingi kijana, akitafuta kitanda cha bei ndogo na watu wa kuzungumza nao. Yafaa walimu wakumbuke kwamba malazi ya namna hiyo yalibuniwa na mwalimu mwenzetu. Richard Schirrmann, mwalimu wa shule nchini Ujerumani, alikuwa akiwatembeza wanafunzi wake mwaka 1909 walipokumbwa na mvua kubwa, wakalala katika jengo la shule. Akawaza kwamba vijana wasafirio kwa miguu wanahitaji mahali pa kulala kila mwendo wa siku moja, na mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa katika ngome ya kale ya Altena. Vyumba vilikuwa vya pamoja, na hapo ndipo palipokuwa na siri ya hosteli: watu wasiojuana hulala chumba kimoja, hupika katika jiko moja, na kabla ya asubuhi wamekwisha kuambiana njia iliyo nzuri na njia mbaya.

Malawi ilikuwa na mchanga mweupe, maji ya vuguvugu na samaki wa rangi nyingi, hata Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984. Lakini chini ya Rais Hastings Kamuzu Banda wasafiri vijana walipokewa kwa masharti. Sheria ya mavazi ya mwaka 1973 iliwakataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi, na mwanamume mwenye nywele ndefu aliweza kutakiwa azikate kabla ya kuingia nchini. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1994, hali ilibadilika. Chembe katika Rasi ya Maclear, Nkhata Bay na Senga Bay zikapata nyumba nyingi za wageni za bei nafuu, na Lilongwe, iliyokuwa mji mkuu tangu 1975, ikawa kituo cha kupumzikia kabla ya kuteremkia ziwani. Katika nyumba hizo jioni huwa na baraza lake. Mmoja ametoka Dar es Salaam, wa pili Lusaka, wa tatu Ulaya. Wanagawana chumvi, ramani na habari. Mwanafunzi wa lugha hujifunza mengi hapo, lakini mara nyingi wageni hao huzungumza wao kwa wao, na mwenyeji wa kweli, yaani mvuvi au mfuaji wa kijiji kile, hubaki nje ya ua.

Mwaka ule ule wa 1994 ambapo Malawi iliwafungulia milango wasafiri wenye mikoba, ilifungua pia mahali pengine pa kuwapokea wageni wa namna nyingine kabisa. Katika wilaya ya Dowa, mwendo usiozidi kilomita 50 kutoka Lilongwe, palikuwa na gereza la Dzaleka, ambamo serikali ya Banda iliwafunga wapinzani wake. Jina lenyewe hulinganishwa na kitenzi cha Kichewa kuleka, maana yake kuacha, na watu walilifahamu kama onyo: ukitoka hapo hutarudia tena. Gereza hilo likageuzwa kambi ya wakimbizi waliokuwa wakikimbia vita na mauaji katika Rwanda, Burundi na Kongo. Malawi haikuwa ngeni katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imewapokea Wamsumbiji zaidi ya milioni moja, ilhali wananchi wake wenyewe hawakufikia milioni kumi. Nchi maskini ilifanya kazi ambayo mataifa tajiri huikwepa.

Lakini mgeni wa Dzaleka alifungiwa mlango alipotaka kuwa mwenyeji. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ikiweka masharti yake, miongoni mwake yakiwa yahusuyo ajira na uhuru wa kwenda na kukaa. Mkimbizi atakiwa kuishi kambini. Kambi iliyokusudiwa watu kiasi cha 10,000 hadi 12,000 imekuja kubeba zaidi ya 50,000, na wapo vijana waliozaliwa humo ambao hawajawahi kuiona nchi wanayoambiwa ni yao. Methali yetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dzaleka zimepita siku elfu kadhaa, na jembe bado halijatolewa kwa halali.

Katika hali hiyo Kiswahili kimekuwa uwanja wa kukutania. Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo, kila mmoja ana lugha ya nyumbani kwake, lakini sokoni, kisimani na katika nyumba za ibada husikilizana kwa Kiswahili, hasa kile cha Kongo ya Mashariki. Mwalimu aliyezoea sarufi ya vitabu atasikia mugeni badala ya mgeni, bugali badala ya ugali, na mboga ambayo sisi twaiita kisamvu ataandaliwa kwa jina la sombe. Atasalimiwa jambo na kutarajiwa ajibu jambo. Tusiharakishe kuyaita haya makosa. Hiki ni Kiswahili kilichopita njia ndefu kuliko watu wengi wakisemao.

Ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwaka 2014 mshairi kutoka Kongo ajulikanaye kwa jina la Menes La Plume, ambaye naye alikuwa mkimbizi Dzaleka, alianzisha tamasha la muziki, ngoma, ushairi na sanaa ndani ya kambi, akaliita Tumaini. Jina ni la Kiswahili, wala halikuhitaji kufasiriwa kambini. Tangu wakati huo maelfu ya watu wamekuwa wakienda Dzaleka kwa hiari yao, wengi wakitoka Lilongwe. Na kwa kuwa kambini hakuna hoteli, ulianzishwa mpango wa wageni kulala majumbani mwa wakimbizi. Mgeni hulipa kiasi kidogo kinachoisaidia familia iliyompokea, akapewa kitanda au godoro, akala chakula kinacholiwa na wenye nyumba, akakaa nao jioni.

Tukiulinganisha mpango huu na zile hosteli za ziwani, tutaona zinafanana katika mambo mengi: bei ni ndogo, faragha ni haba, na mazungumzo ni tele. Tofauti ni kwamba hapa mgeni halali ua mmoja na wageni wenzake tu. Hulala ndani ya maisha ya mwenyeji. Husikia kupitia ukuta jinsi jirani anavyombembeleza mtoto. Na mwenyeji huyo hufanya kazi ile ile iliyofanywa na vijana wa Mogadishu mwaka 1331: humtangulia mgeni mitaani, humtambulisha, humdhamini. Raia mwenye pasipoti na haki zake zote humtegemea mkimbizi apate kuaminiwa. Hali zimegeuzana.

Tusijidanganye kwamba usiku mmoja wa ugeni huondoa dhiki. Mgao wa chakula kambini umepunguzwa mara nyingi. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee kambini, na kuanzia mwezi Mei polisi wakawakamata watu, wakiwamo wenye maduka na watoto wa shule mjini Lilongwe. Wengine walikuwa wamekaa nje ya kambi miaka mingi, wakiuza, wakifundisha, wakipangisha. Walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji kwa kila kipimo isipokuwa cha sheria.

Wachewa wana methali isemayo: mlendo ndi amene amadza ndi kalumo kakuthwa, yaani mgeni ndiye ajaye na wembe mkali. Maana yake ni kwamba mgeni huenda akaja na kile kilichowashinda wenyeji. Sisi nasi twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hizi mbili ni ndugu, nazo zinaihusu kazi yetu waziwazi. Mwezi Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na mwaka 2023 Malawi ilitangaza nia ya kukiingiza katika shule zake. Watu wataulizana walimu watatoka wapi. Wembe mkali uko Dowa, chini ya saa moja na nusu kwa gari kutoka katika ofisi za Lilongwe, mikononi mwa watu wakisemao Kiswahili kila siku na ambao baadhi yao walikuwa walimu kabla ya kukimbia.

Basi tunapendekeza mambo mawili kwa wenzetu. La kwanza, mwalimu au mwanafunzi wa Kiswahili apataye nafasi ya kwenda Malawi asiishie ufukoni. Afuate utaratibu unaohitajika, aende Dzaleka wakati wa tamasha, alipe malazi yake, na aketi kimya zaidi kuliko anavyosema. La pili, tunapolifundisha neno mwenyeji tusiridhike na tafsiri yake. Tuwaambie wanafunzi kwamba neno hilo limejengwa juu ya mji, kisha tuwasimulie habari za mama wa Dzaleka, ambaye hana mji, atandikaye godoro lake kwa ajili ya mtu asiyemjua, naye akalala chini. Tuwaache waamue wenyewe kama neno lamfaa. Sisi twaona lamfaa, na kwamba kinachobaki ni mji wenyewe kumkubali.