Bima ya Magari Nchini Kenya: Nani Alipe?

Itakumbukwa kuwa mwezi Julai mwaka 2005 kampuni ya United Insurance ya nchini Kenya, iliyokuwa imekatia bima mabasi na matatu kwa wingi, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Malipo yakasimamishwa. Abiria aliyevunjika mguu, akahudhuria mahakamani miaka na miaka hadi akashinda, alijikuta ana hukumu mkononi lakini hana wa kumlipa.

Sheria ya Kenya ya kuwakinga watu wengine na madhara ya magari ni ya mwaka 1945, nayo ilifuata mfano wa sheria za Uingereza. Ile ya 1930 ilimlazimisha kila mwenye gari kukata bima. Upesi ikaonekana haitoshi, maana kampuni zilikwepa madai kwa kushika masharti ya mkataba: mara gari lilikuwa bovu, mara abiria walizidi, mara mzigo ulipita kiasi. Sheria ya 1934 ilifunga mlango huo. Majeruhi akishinda kesi, kampuni sharti imlipe kwanza, kisha ikagombane na mteja wake.

Utaratibu huo ndio Kenya iliourithi, pamoja na matundu yake. Kampuni yaweza kuiomba mahakama itamke kuwa mkataba ni batili, kwa kuwa mteja alificha ukweli alipokata bima. Naye majeruhi asipoiarifu kampuni juu ya kesi katika muda uliowekwa, haki yake humponyoka. Atamwarifu nani iwapo hajui gari lilikatiwa bima wapi? Hapo ndipo ile mistari michache anayoiandika askari polisi penye ajali, namba ya cheti na jina la kampuni, inapokuwa na uzito kuliko anavyodhani mwenyewe.

Lakini sheria, hata iwe kali namna gani, haitii fedha katika kasha lililo tupu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya biashara hiyo. Zikaongezeka, ajali nazo zikaongezeka, na kampuni nyingi zikaona afadhali kukaa mbali na magari ya abiria. Hata Kenya National Assurance, kampuni ya serikali yenyewe, ilianguka mwaka 1996. Ilipofika zamu ya United, wenye mabasi, ambao walikuwa wamelipa ada zao kwa uaminifu, walikimbilia Mahakama Kuu kuomba hukumu zisikaziwe juu ya mali zao. Ombi hilo lilikuwa na haki ndani yake. Kilio cha majeruhi kadhalika.

Mwaka 2006 sheria ikarekebishwa, ikaweka kikomo: kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kampuni zikapata nafuu. Kinachozidi humwangukia mwenye gari, na mara nyingi mali pekee ya mwenye matatu ni hiyo hiyo iliyopinduka.