Mwenyekiti na kokwet

Kiswahili kimemtaja mkuu wa mkutano kwa samani yake: mwenyekiti, mwenye kiti. Nenda kwenye kituo cha kununulia majani chai huku Sigowet siku ya mkutano wa wakulima uone neno hilo likitimia. Kiti cha plastiki kimewekwa mbele, kivulini. Akina mama waliochuma tangu alfajiri wamesimama nyuma, kamba ya kikapu bado i begani, na mambo yanaamuliwa kabla sauti zao hazijafika mbele.

Wakipsigis wa huku wana neno jingine, kokwet. Ni ujirani wenyewe, na papo hapo ni baraza la majirani hao. Mzee wa kokwet, boiyot ab kokwet, hakuwa na askari wala mshahara. Nguvu yake ilikuwa kusikiliza hadi mwisho, kisha kusema kile ambacho wengi wamekubaliana. Lakini tusiifanye kokwet kuwa paradiso: wanawake na vijana hawakuwa na sauti kubwa humo.

Leo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Mara nyingi ushiriki huo huishia kwenye karatasi ya kutia sahihi. Ndiyo maana nalipenda zaidi neno kiongozi. Kuongoza ni ndugu wa kuongoka, kushika njia iliyonyooka, na njia haina kiti. Barabara ya kwenda kituoni ikiharibika, anayewaamsha majirani kwa majembe ndiye kiongozi, hata kama hakuna aliyempigia kura.