Kapiteni Joubert, Bwana wa Mpala

Watu wa Hombo wajua vema ya kuwa mwenye nchi ndiye mwenye neno. Basi tutazame habari za mgeni mmoja aliyepata nchi na neno katika Kongo yetu, mbali kusini, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika.

Ludovic Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Katika ujana wake alikuwa askari wa Papa Pio IX huko Roma. Mwaka 1880 Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alimtuma Afrika kuzilinda misioni. Mwaka 1887 akafika Mpala. Boma lake lilijengwa mwaka 1883 na ofisa Mbelgiji, Emile Storms, katika nchi ya chifu aliyeitwa Mpala. Mwaka 1885 Mapadri wakakabidhiwa.

Siku zile wawindaji wa watumwa walichoma vijiji. Joubert aliwafundisha vijana vita, akawapokea wakimbizi, akakata mashauri yao. Mwaka 1891 watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji, walimsonga sana. Hakukimbia, mpaka Kapiteni Jacques alipokuja na askari kumsaidia.

Lakini tuseme kweli yote. Nchi ile haikuwa ukiwa. Ilikuwa na wenyewe kabla Mzungu hajafika. Nao watoto waliokombolewa utumwani hawakuwa huru kwenda watakako, bali walikaa chini ya amri ya misioni. Bunduki iliyowaponya watu ndiyo iliyowatawala.

Kwa nini basi wengi walimpenda? Kwa sababu alikaa. Mwaka 1888 alifunga ndoa kanisani na Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi ile, na wana wao wawili wakawa mapadri. Serikali ilipokwisha kushika utawala, yeye hakurudi Ulaya. Aliishi na jirani zake, akafa mwaka 1927 huko Misembe, karibu na Moba, mwenye miaka 85.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku Masisi na Walikale mashauri ya mashamba yametuletea machozi mengi. Kila aliyepewa nchi, awe mgeni au mwenyeji, na ajiulize: je, mwenyeji amepona kwa kuwapo kwangu, au nimepona mimi peke yangu?