Unix na Mashine Kongwe

Kompyuta huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchakaa kwa viungo vyake: diski hukwama, feni husimama, betri hufa. Ya pili haionekani kwa macho, nayo ni kukoma kwa maandishi yanayoiendesha. Mtengenezaji atoapo toleo jipya la mfumo wake bila kuijali mashine ya zamani, mashine hiyo yaweza kuwa nzima kabisa, na hata hivyo ikahesabiwa kuwa imekufa. Historia ya mfumo wa Unix na jamaa zake yaonyesha jinsi kifo hiki cha pili kinavyoweza kuahirishwa, na ni kwa masharti gani.

Yafaa ikumbukwe kwamba Unix yenyewe ilizaliwa juu ya mashine iliyokwisha kupitwa na wakati. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Murray Hill, Marekani, Ken Thompson aliikuta kompyuta ya PDP-7 isiyokuwa na kazi nyingi. Mashine hiyo haikuweza kumwandalia programu alizozitaka. Basi alizitayarisha kwanza juu ya kompyuta kubwa ya GE-635, zikatolewa katika utepe wa karatasi wenye matundu, na utepe ukachukuliwa kwa mkono hadi kwenye PDP-7. Ilikuwa baadaye tu, zana za lazima zilipokwisha kuandikwa, mashine ile ndogo ilipoweza kujitegemea.

Walakini Unix ya awali ilikuwa imefungwa na mwili wake. Iliandikwa kwa lugha ya mashine moja, na ilipohamia PDP-11 ilibidi iandikwe upya. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1973, kiini chake kilipoandikwa katika C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie. Tangu hapo sehemu kubwa ya mfumo iliweza kutafsiriwa kwa mashine nyingine badala ya kutungwa tena. Mwaka 1977 Richard Miller wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, aliihamishia kwenye Interdata 7/32, mashine isiyokuwa ya ukoo wa PDP. Na wataalamu wa Bell nao wakafanya hivyo kwa Interdata 8/32.

Faida ya jambo hili ilidhihirika zaidi kwa kompyuta za mezani zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi na wanasayansi. Mfano mwema ni SPARCstation 1 ya kampuni ya Sun, iliyotoka mwaka 1989. Ilikuwa sanduku bapa, lenye kichakato cha megahezi 20 na kumbukumbu isiyozidi megabaiti 64. Mfumo wa Solaris 8, uliotoka mwaka 2000, haukuipokea tena. Lakini tangu mwaka 1993 kulikuwa na NetBSD, mfumo uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Watunzaji wake walitenga yale yaliyo ya mashine zote na yale yaliyo ya mashine moja moja, hata kuihudumia mashine ya zamani kukawa ni kutunza sehemu ndogo tu ya maandishi.

Kuingiza NetBSD katika mashine ya namna hii ni kazi yenye taratibu zake. Kizuizi cha kwanza aghalabu ni betri iliyofichwa ndani ya kijisehemu kinachotunza saa. Humo ndimo pia ilimohifadhiwa anwani ya mashine katika mtandao, ambayo kwa mashine za Sun huanza na tarakimu 08:00:20. Betri ikifa, mashine husahau saa na husahau utambulisho wake. Haina budi kuandikiwa upya kwa mkono, kwa maneno ya lugha ya Forth ambayo programu yake ya kuamkia huyaelewa.

Baada ya hayo mashine huamrishwa iamke kwa njia ya mtandao. Kwanza huitangaza anwani yake na kuuliza namba yake ni ipi. Jirani aliyetayarishwa humjibu. Kisha huomba faili dogo lenye jina lililotokana na namba ile ile, iliyoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Faili hilo nalo hukileta kiini, na kiini huleta programu ya kugawanya diski na kupanga mafaili. Kama jirani hayuko, au amekosea herufi moja katika jina la faili, mashine huita na kuita bila ya kujibiwa.

Jirani huyo ana kazi nyingine pia. Kuutafsiri mfumo mzima juu ya SPARCstation 1 kungechukua muda mrefu mno. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 1.6 la mwaka 2002, NetBSD ina zana ya kuutayarisha mfumo wote juu ya kompyuta ya aina nyingine, yenye nguvu zaidi. Hapa historia yarudi pale ilipoanzia: mtandao umechukua nafasi ya utepe wa karatasi, lakini mashine dhaifu bado yainuliwa na iliyo imara.

Uhai huu, hata hivyo, si wa milele. Mwaka 2016 OpenBSD, mfumo uliojitenga na NetBSD mwaka 1995, uliacha kuhudumia mashine za SPARC za biti 32 na zile za VAX. NetBSD iliendelea, na toleo lake la 10.0 la mwaka 2024 lilizijumuisha zote mbili. Tofauti hiyo haikutokana na vyuma, maana vyuma vilikuwa ni vile vile. Maandishi huweza kuhamishwa kutoka mwili hadi mwili, lakini hayajihamishi yenyewe. Sharti awepo mtu mwenye mashine, mwenye kuijaribu kila yanapobadilishwa, na mwenye kusahihisha kilichoharibika. Siku mtu huyo akosekanapo, mashine hunyamaza, ingawa taa yake ingali ikiwaka.