Aliyekalishwa Mkekani

Katika vyuo vya ualimu vya zama hizi, mwanafunzi atarajiaye kuwa mwalimu hutakiwa, kabla hajakabidhiwa darasa, aandike kwa mkono wake falsafa yake ya kufundisha: anaitakidi nini juu ya mtoto, juu ya elimu, na juu ya nafsi yake asimamapo mbele ya watu. Wengi huiandika kwa maneno ya kuazima, wala siwalaumu, kwani mtu ambaye hajafundisha atasema nini ila aliyoyasoma? Walimu wa Pwani yetu waliotangulia hawakutakiwa waraka wa namna hiyo. Walakini itikadi zao zilikuwa zajulikana na mji mzima, na pengine mji uligombana kwa ajili yake, kwa kuwa zilidhihiri katika mambo mawili yasiyofichika: ni nani aliyeruhusiwa kuketi mkekani, na ni kwa lugha gani alifafanuliwa kile alichokisoma.

Chuo cha kale kilikuwa aghalabu ni baraza au ukumbi wa nyumba ya mwalimu mwenyewe. Mtoto alikuja na ubao wake, na kalamu ya utete, na wino wa masizi. Akaanza na herufi, akahijai, kisha akaingia katika juzuu ya amma, akizipanda sura fupi fupi kutoka mwisho wa msahafu. Kila mmoja alisoma mahali pake kwa sauti ya juu, wote kwa pamoja, hata mgeni apitaye njiani akadhani ni makelele matupu; ilhali mwalimu, aliyeketi na bakora yake, naye labda yuashona kofia, aliweza katika zile sauti zote kuisikia irabu moja iliyopotoka, na kumtaja jina aliyeipotoa pasipo kuinua macho. Mwanafunzi mkubwa alipewa wadogo awasikilize, na hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuupata ualimu: mtu alifundisha chini ya jicho la mwalimu wake hata siku alipoonekana anafaa kuachwa peke yake. Sijaona bado njia iliyo bora kuliko hiyo. Ila upungufu wake ulikuwa mkubwa nao, maana mtoto aliweza kuhitimu msahafu wote, akafanyiwa karamu, akavishwa nguo mpya, asijue maana ya aya moja.

Maana ilikuwa juu zaidi, katika darasa za ulamaa, ambako mtu alisoma kitabu baada ya kitabu mbele ya shekhe hata akapewa ijaza. Na mlango wa darasa hizo haukuwa wazi kwa kila mja. Pale Lamu, ambapo waungwana walihesabu elimu kuwa ni sehemu ya uungwana wao, mtumwa na mzao wa mtumwa hawakutarajiwa kuketi karibu na kitabu.

Hapo ndipo alipotokea Habib Saleh bin Alawi, sharifu wa ukoo wa Jamalilleil, mzaliwa wa Ngazija, aliyekuja akahamia Lamu na kukaa upande wa Langoni, mbali na majumba ya mawe ya wakubwa. Alifanya jambo ambalo kwa macho ya leo ni dogo: aliwafundisha wale waliokuwa hawafundishwi. Watumwa na waliokuwa watumwa walikaa mbele yake, wakasomeshwa dini kama wasomavyo watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti wake wa Riyadha, na ndani yake yakasomwa maulidi ya Sayyid Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, kwa matari. Wakubwa wakachukizwa, wakisema ngoma haina mahali msikitini. Hoja yao ilikuwa ya kifikihi, nami siidharau, lakini yanijia kwamba matari yasingaliwaudhi kiasi kile lau wapigaji wangalikuwa watoto wao. Habib Saleh aliendelea hivyo hivyo, na wanafunzi wa Riyadha wakatapakaa Pwani nzima wakifungua vyuo vyao.

Jambo la pili, la lugha, lilipata mtetezi wake Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alisoma kwao kisha akavuka kwenda Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, wanazuoni wawili ambao hapana aliyewazidi kwa sifa katika Pwani ya wakati ule. Mtu mwenye elimu kama hiyo angaliweza kuzungumza na wenziwe kwa Kiarabu maisha yake yote, na heshima yake isipungue. Yeye mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo, Sahifa, akawaambia watu wa mji wake kwa Kiswahili kinachowaumiza na kinachowafaa, na kwamba mabinti nao wasomeshwe. Makala yake yakakusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944, akiwa ameshakuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Fauka ya hayo aliwatungia watoto vitabu vya dini kwa lugha wanayoizungumza nyumbani.

Wafuasi wa njia hizi mbili wamebishana sana juu ya maulidi, na hawajesha kubishana. Kwa habari ya kufundisha, hata hivyo, mimi nawaona ni ndugu: mmoja alimwingiza darasani aliyezuiliwa, na mwingine akamfafanulia. Njia ya Mombasa ndiyo aliyoifuata Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mtu wa Unguja, aliyekuwa mwalimu wa shule za serikali kabla hajawa kadhi. Tafsiri yake, Qurani Takatifu, ilipotoka kamili mwaka 1969, kila ukurasa ulijaa maelezo chini ya aya, naye hueleza, akarudia, akaleta mfano, kama mtu aliyezoea kuulizwa na watoto.