Mbano wa Kifundo: wa Mbele na wa Nyuma

Kwenye viwanja vya mchangani vya Mkuyuni, jijini Mwanza, maumivu ya enka yana jina moja: kuteguka. Mchezaji akikanyaga vibaya, ameteguka. Miezi ikipita na mguu bado unauma, wenzake humwambia mteguko haujapona sawasawa, akachuliwe tena. Mara nyingine ni kweli. Lakini ipo hali ambayo mara nyingi hufuata mteguko na kubaki hata baada ya kano kuunga, na kuuchua mguu au kuuvuta kwa nguvu kunaweza kuizidisha. Hali hiyo inastahili jina lake, nami naiita mbano wa kifundo cha mguu.

Maana yake ni hii: tishu laini au kipande cha mfupa hunaswa kati ya mifupa ya kifundo kila kiungo kinapofika mwisho wa mwendo wake. Maumivu huja hapo hapo, na mwendo hukatika kabla ya kutimia.

Kwa nini mbano? Mgandamizo tumezoea kuutumia kwa uzito unaoshindilia kutoka juu. Msuguano ni wa vitu vinavyosuguana njia nzima, si mwisho wa mwendo tu. Mkwamo ungemfanya msomaji adhani kiungo hakiendi kabisa, kumbe mgonjwa anatembea, tena hata anakimbia. Mbano unahitaji pande mbili zinazokutana na kitu katikati yake, nao huja na kuachia. Tena neno hili lina kitenzi kilicho tayari mdomoni mwa mgonjwa, anayesema, "Daktari, nikichuchumaa kuna kitu kinanibana hapa mbele."

Neno peke yake halitoshi. Lazima litaje upande. Kifundo hufanyika pale muundi na mfupa mwembamba ulio kando yake unapoushika mfupa wa talasi, unaokaa juu ya kisigino. Tukichuchumaa au kupanda mlima, muundi huinamia mbele na kuisogelea shingo ya talasi. Kitu kikiwa hapo, hubanwa: huo ni mbano wa mbele. Tukisimamia vidole au kupiga shuti kwa mgongo wa mguu, nafasi hufinywa nyuma, juu ya kisigino: huo ni mbano wa nyuma.

Mbano wa mbele una historia ndefu mpirani. Thomas Porter McMurray, bingwa wa mifupa wa Liverpool, aliueleza katika makala iliyochapishwa mwaka 1950, akauita kifundo cha mwanasoka. Aliona vichipukizi vya mfupa vimeota kwenye ukingo wa mbele wa muundi na juu ya talasi, akadhani vimetokana na kupiga mpira mguu ukiwa umenyooshwa. Watafiti wa baadaye wameongeza sababu nyingine: mpira unapogonga mfupa pale pale tena na tena, na miteguko inayorudiarudia. Si lazima pawe na mfupa. Baada ya mteguko, utando wa ndani wa kiungo unaweza kuvimba na kuacha kovu nene kwenye kona ya mbele ya nje, nalo kovu hilo likawa ndilo linalobanwa.

Mbano wa nyuma unajulikana sana kwa wacheza baleti, wanaosimama juu ya ncha za vidole, lakini wanasoka nao huupata. Kwa baadhi ya watu, sehemu ya nyuma ya talasi haiungani na mfupa mkuu, ikabaki kijifupa cha pekee. Wengi huishi nacho maisha yote bila kukihisi, hadi pale mazoezi mazito au ajali vinapokigeuza kuwa chanzo cha maumivu.

Uchunguzi huanza kwa mikono. Daktari huweka kidole gumba kwenye mstari wa mbele wa kiungo, akabonyeza, huku mkono wa pili ukiuinua wayo kuelekea muundi. Maumivu yakizidi hapo hapo, anashuku mbano wa mbele. Kwa mbano wa nyuma hufanya kinyume: huusukuma wayo chini kwa haraka, mgonjwa akiwa amelegea. Milima ya mawe ya Mwanza nayo hupima kwa namna yake, kwa kuwa anayebanwa mbele hulalamika zaidi akipanda, na anayebanwa nyuma akishuka mteremko mkali. Kisha hufuata eksirei ya ubavuni inayoonyesha vichipukizi na vijifupa, na ikibidi MRI kwa ajili ya tishu laini. Picha haitoshi bila mgonjwa, maana wanasoka wengi wana vichipukizi visivyowauma kabisa.

Kwenye tiba ndipo upande unapoamua mambo. Kisahani kidogo kinachowekwa kiatuni chini ya kisigino hufungua nafasi ya mbele na kumpa nafuu anayebanwa huko. Mweke kisahani hicho hicho anayebanwa nyuma, utakuwa umemwongezea shida. Vivyo hivyo, kumlazimisha mwenye vichipukizi vya mbele achuchumae hadi chini "ili mguu ulegee" hakumsaidii. Nguo ikinasa mlangoni, kuusukuma mlango hakuufungi; kunaitafuna nguo.

Kwa pande zote mbili, hatua ya kwanza ni kuupumzisha mwendo unaobana, barafu, dawa za uvimbe kwa ushauri wa daktari, na mazoezi ya kuimarisha misuli na usawa wa mwili: kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, baadaye yamefumbwa. Wengi hupata nafuu kwa njia hiyo. Wasiopata wanaweza kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo, ambapo kamera nyembamba huingizwa kiungoni na kovu au kichipukizi kuondolewa. Mwaka 1931 Michael Burman wa New York aliandika kwamba kifundo ni chembamba mno kwa chombo cha namna hiyo. Leo ni upasuaji wa kawaida, ingawa mafanikio yake hupungua gegedu ikiwa imeshalika.

Si kila enka inayouma ina mbano. Asiyeweza kupiga hatua nne baada ya kuumia anahitaji eksirei, maana huenda amevunjika. Kiungo kinachovimba na kuwa cha moto, chenye homa au maumivu ya usiku, kinahitaji daktari upesi.

Kwa hiyo anayetoka Mkuyuni kwenda hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando asiishie kusema "enka inauma". Aseme inauma akifanya nini: akichuchumaa au akisimamia vidole, akipanda au akishuka. Naye daktari, akishathibitisha, aandike kwenye cheti maneno yote: mbano wa mbele, au mbano wa nyuma, ili mtaalamu wa mazoezi atakayempokea mgonjwa ajue aanzie wapi, na ajue zoezi gani asimpe.