Ababari wa Kisii na Fuvu la Kichwa

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza darasani, tulipokuwa tukisoma habari za tiba za kale, iwapo mtu wa zamani aliyepasuliwa kichwa alikuwa na lolote la kufanya zaidi ya kungojea mauti. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu la swali lile halikuwa mbali nasi: lilikuwa ng'ambo ya mpaka wa mashariki wa Uganda, katika vilima vya Kisii nchini Kenya.

Wagusii walikuwa na mafundi walioitwa ababari. Yule aliyeshughulikia kichwa aliitwa omobari omotwe. Msomaji ajuaye Kiganda, Kinyoro, Kinyarwanda au Kirundi hahitaji kufasiriwa neno hilo la pili. Omutwe au umutwe ni kichwa kile kile, ingawa Kiswahili chetu kilishika njia yake.

Nchi ile ilikuwa na vita vya kunyang'anyana ng'ombe, hasa baina ya Wagusii na Wakipsigis, na rungu halichagui pa kuangukia. Wako pia walioanguka mitini au kupigwa katika ugomvi wa vileoni. Aghalabu mgonjwa wa omobari hakuwa yule aliyepigwa asubuhi ile. Alikuwa mtu ambaye jeraha la ngozi lilikwisha kupona, lakini maumivu ya kichwa yakamwandama miezi, pengine miaka, hata asiweze kulima wala kulala. Huyo ndiye aliyepelekwa na jamaa zake.

Kazi ilifanywa nje, kivulini, penye mwanga wa kutosha. Mgonjwa alilazwa, jamaa wakamshika, maana dawa ya kumlaza usingizi haikuwapo. Fundi alipasua ngozi ya kichwa kwa kisu na kuikunjua mpaka mfupa ukaonekana. Damu ya ngozi ya kichwa ni nyingi, kama ajuavyo kila mwalimu aliyepata kumfunga mtoto aliyeanguka uwanjani. Omobari aliizuia kwa kukandamiza na kwa dawa za mitishamba. Kisha akautafuta ufa. Hakutoboa mfupa, bali aliukwangua polepole kwa chuma kilichopindwa ncha, kama mpishi akwanguavyo ukoko chunguni, tabaka baada ya tabaka, akisafisha na kutazama tena.

Hapo ndipo ilipo elimu yenyewe. Chini ya mfupa pana utando mgumu unaoufunika ubongo. Omobari aliyefunzwa vyema, na mara nyingi alifunzwa na baba yake au jamaa yake, alijua kwamba akiufikia utando ule sharti mkono usimame. Akiuchana, amefungua mlango wa usaha kuingia ubongoni. Ustadi wake ulikuwa katika kujizuia kuliko katika kukata.

Daktari Mkanada Edward Margetts, aliyefanya kazi Nairobi katika miaka ya 1950, aliandika habari za mafundi hao mwaka 1967. Picha za eksirei za watu waliopasuliwa zilionyesha matundu makubwa fuvuni, nayo kingo zake zimelainika, ishara kwamba mfupa ulipona na mwenyewe akaishi. Wengine walirudi kukwanguliwa mara ya pili na zaidi. Jambo hili laweza kusomwa kwa namna mbili: walimwamini fundi, au maumivu hayakwisha. Nadhani yote mawili ni kweli. Si kila kichwa kiumacho kina damu iliyoganda au kipande cha mfupa kinachokibana, na kukwangua mfupa mzima hakumfai mtu ila kwa faraja ya imani. Na yule aliyevuja damu ndani ya fuvu kwa saa chache, huyo mara nyingi alikufa kabla fundi hajaitwa.

Wamisri wa kale walilikiri hilo waziwazi. Katika mafunjo yajulikanayo kwa jina la Edwin Smith, ya takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, mna majeraha 48, na yanaanzia kichwani. Kila moja lina hukumu: nitalitibu, nitapambana nalo, au halitibiki. Kwetu Bunyoro nako, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mwaka 1879 mama akipasuliwa tumbo na mtoto akatolewa hai.

Siandiki haya ili mtu achukue kisu. Penye aliyeumia kichwa na hospitali iko mbali, asitingishwe shingo. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi bila kuusukuma mfupa uliobonyea. Akizimia alazwe ubavu, kichwa na shingo vikishikwa sawasawa, asisongwe na matapishi. Na safari ianze upesi, hasa akisinzia au kutapika.

Ninaloomba ni dogo. Habari za ababari zimeandikwa zaidi kwa Kiingereza, na madaktari. Walitaja vyombo na namna ya kazi, lakini nyufa za mfupa, tabaka za ngozi, na yale mafundi waliyomwambia mgonjwa alipopiga kelele, hayo ni kazi ya walimu wa lugha. Mwanachama aliye karibu na Kisii au Kuria aende kwa wazee na daftari, naye mhariri atatupatia nafasi.